Chuo chetu kina ithibati: tuandike nini hadharani?

Swali: "Mimi ni mkuu wa taaluma katika chuo binafsi cha afya, Kanda ya Ziwa. Tuna programu tatu za stashahada: utabibu, famasi, na uuguzi na ukunga. Mwaka jana tulifungua kampasi ya pili. Msimu wa udahili umekaribia, na bodi inataka kwenye tovuti na vipeperushi tuandike 'Chuo kimesajiliwa na kinatambuliwa na Serikali', tuweke nembo ya NACTVET, Baraza linalosimamia vyuo kama chetu, basi. Naona haitoshi, lakini sijui kinachotosha ni kipi. Je, tuweke na ripoti ya wakaguzi? Ina mapungufu waliyotutaka turekebishe, na wenzangu wanasema kuitoa ni kujichongea."

Jibu:

Mwalimu, shaka yako ina msingi. Sentensi ambayo bodi inaitaka huenda haina uongo ndani yake, ila haimsaidii mtu. Mzazi wa Sengerema aliyeuza mpunga ili alipe ada ya mwanawe akiisoma, hana la kufanya zaidi ya kuamini au kutoamini. Taarifa ya ubora inayofaa kutangazwa ni ile ambayo mtu asiyekujua anaweza kuichukua, akaenda nayo kwa mamlaka iliyotajwa, akauliza kama ni kweli, akajibiwa ndiyo au hapana. Karibu yote nitakayokushauri yanatokana na kipimo hicho.

Anza na karatasi zilizopo ofisini kwenu. Katika vyuo vingi ukiingia mapokezi unakuta fremu zimepangwa ukutani, zote za ukubwa mmoja: cheti cha BRELA, namba ya mlipakodi, cheti cha ISO 9001, cheti cha uanachama wa chama fulani cha vyuo, na barua ya NACTVET. Mgeni anatoka akidhani zote zinasema jambo moja. Hazisemi jambo moja. BRELA wamesajili kampuni au jina la biashara. Hawajui kama mna maabara. ISO 9001 inahusu mfumo wa uendeshaji wa taasisi, na hata kiwanda cha maji ya chupa kinaweza kuwa nayo; haisemi lolote kuhusu cheti atakachopewa mhitimu. Uanachama wa chama ni uanachama. Kwa chuo kama chenu karatasi zinazozungumzia mafunzo yenyewe ni zile za Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, na hata hizo zina tofauti kati yao.

Usajili unahusu chuo: kipo, kina uongozi, walimu, majengo na vifaa vya kuanzia kazi, na unaweza kuwa wa muda au kamili. Ithibati ni hatua nyingine, Baraza likikiri kwamba chuo kinaendesha mafunzo na kusimamia ubora wake kwa kiwango kilichowekwa. Kisha kuna ruhusa ya programu, yaani mtaala gani, ngazi ipi ya NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi), na wanafunzi wangapi mnaruhusiwa kudahili. Chuo kinaweza kuwa na usajili kamili na bado kikawa na programu moja isiyoruhusiwa. Hapo ndipo familia nyingi zinapoumia, kwa sababu neno "kimesajiliwa" kwenye bango huchukuliwa kama linafunika kila kozi iliyoandikwa chini yake.

Kwa afya kuna tabaka jingine juu ya hilo, na nakuomba usiliruke. Mhitimu wa famasi hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Yuko chini ya Baraza la Famasi. Muuguzi anapita kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lenye mtihani wake kabla ya leseni. Tabibu yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa hiyo swali la mwanafunzi si moja. La kwanza ni "cheti hiki ni halali?" na la pili ni "kikiwa halali, nitaruhusiwa kufanya kazi?" Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hili kwa gharama kubwa. Wahitimu wa uhandisi kutoka vyuo vikuu vya umma, vilivyoanzishwa kisheria, walinyimwa usajili na bodi ya wahandisi kwa maelezo kwamba bodi haikuwa imeidhinisha kozi zao. Vijana walikuwa wamemaliza miaka mitano, shahada wanazo mkononi. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu. Ungewauliza siku wanajiunga, wangekuambia chuo kinatambuliwa na Serikali, na wangekuwa wanasema kweli.

Sasa tuiandike upya ile sentensi. Badala ya "Chuo kimesajiliwa na kinatambuliwa na Serikali", kila programu iwe na maelezo yake, kwa mfano:

"Stashahada ya Sayansi za Famasi, ngazi ya 6 ya NTA. Inafundishwa kampasi kuu tu. Imeruhusiwa na NACTVET kwa barua ya tarehe fulani, nafasi za udahili kadhaa kwa mwaka. Chuo kina usajili kamili, namba REG/HAS/… , na ithibati iliyotolewa tarehe fulani, inayokwisha tarehe fulani. Mhitimu anaomba usajili wa taaluma kwa Baraza la Famasi. Maelezo haya yamehakikiwa tarehe fulani na ofisi ya taaluma."

Ni ndefu, najua. Mtu wa masoko atakuambia haitoshei kwenye kipeperushi. Kipeperushi kibebe namba ya usajili, majina ya programu na kampasi zinapofundishwa, halafu kielekeze kwenye ukurasa wenye maelezo kamili. Kinachofanya maelezo haya yafae ni kwamba yanataja nani aliamua, aliamua nini hasa, kuhusu kitu gani, mahali gani, na kuanzia lini hadi lini. Ukiondoa kimojawapo, uhakiki unakwama. Bila kutaja kampasi, mwanafunzi wa kampasi ya pili atajihesabu yumo. Pasipo tarehe ya mwisho, barua iliyokwisha muda itaendelea kuwavuta watu, na ngazi ya NTA isipotajwa, astashahada na stashahada zinauzwa kwa bei moja.

Chagua kitenzi kwa uangalifu kuliko unavyochagua picha ya ukurasa wa mbele. Kusajili, kuruhusu, kuthibitisha, kutambua na kusimamia ni vitendo tofauti vya mamlaka, tena mara nyingi vya mamlaka tofauti. Marekani kuna shirika lisilo la faida, Credential Engine, lililoanzishwa mwaka 2016 ili vyeti na programu zote za nchi ile ziweze kuelezwa kwa lugha moja ya data, iitwayo CTDL. Katika lugha hiyo hakuna kisanduku kimoja cha "ina ubora". Kuna uhusiano wa kuthibitishwa na mtu fulani, wa kuidhinishwa, wa kutambuliwa na wa kusimamiwa, kila mmoja kivyake, pamoja na vitendo vya kuhuisha na hata kufuta, vyenye tarehe zake. Sikushauri muingie kwenye mfumo wao. Nimeutaja kwa sababu waliokaa kulifikiria jambo hili kwa kina waliona lazima maneno hayo yatenganishwe, na nyinyi mnaweza kuyatenganisha kwa Kiswahili bila kununua programu yoyote ya kompyuta.

Kuhusu nembo ya Baraza, kwanza hakikisheni mnaruhusiwa kuitumia. Pili, nembo haithibitishi kitu. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Karachi ilivyokuwa ikiuza shahada za vyuo vikuu visivyokuwepo, kwa wanunuzi wa nchi nyingi, zikiwemo za Ghuba. Tovuti zile zilikuwa na nembo za ithibati, tena nyingi. Nembo zilitoka kwa vyombo vya ithibati ambavyo navyo vilikuwa vya kutunga, vikiwa na tovuti zao nzuri tu. Picha hunakiliwa kwa sekunde moja. Namba ya usajili inayopatikana kwenye orodha ya Baraza lenyewe haiigiziki kirahisi hivyo, maana anayeitafuta anatoka kwenye tovuti yenu na kwenda kwa wenye orodha. Wekeni kiungo kinachompeleka mzazi moja kwa moja kwenye orodha ya vyuo ya NACTVET, na mwambieni aangalie pia mwongozo wa udahili ambao Baraza hutoa kila mwaka, wenye vyuo, programu na sifa za kujiunga. Kinachoonekana kwenye tovuti yenu na kinachoonekana mle vifanane, hadi jina la programu neno kwa neno. Visipofanana, rekebisheni chenu kwanza ndipo muulize Baraza.

Tarehe zinastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Kule Marekani chuo kinapata ithibati kutoka chombo binafsi, na chombo hicho nacho kinatambuliwa na Wizara ya Elimu. Bila hivyo wanafunzi hawapati mikopo ya serikali kuu. Chombo kimoja, ACICS, kilikuwa kimeithibitisha ITT Technical Institute, chuo chenye kampasi zaidi ya 100, ambacho kilifunga milango Septemba 2016. Mwaka huohuo Wizara iliondoa utambuzi wa ACICS. Mwaka 2018 ukarudishwa. Agosti 2022 ukaondolewa tena, na safari hii ukaisha. Mtu aliyehitimu kwenye chuo cha ACICS akiulizwa na mwajiri "chuo chako kilikuwa na ithibati?", jibu linategemea mwaka. Neno "kina ithibati" lisilo na tarehe halimfai kitu.

Na hili linawahusu wahitimu wenu wa zamani. Msifute maelezo ya nyuma mnapopata barua mpya. Tengenezeni ukurasa wa historia: programu hii ilianza mwaka gani, ilikuwa chini ya ruhusa ipi, mtaala ulibadilika lini, ithibati ilihuishwa lini, na kama kuna kipindi ilisimamishwa, kiandikwe. Hata jina la mamlaka liwekwe kama lilivyokuwa wakati ule: aliyemaliza mwaka 2016 ana barua zenye jina la NACTE, kwa kuwa NACTVET ni jina la tangu 2021. Anayehakiki cheti akiwa Muscat au Nairobi hawezi kujua kwamba ni Baraza lilelile lililoongezewa majukumu ya ufundi stadi. Sentensi moja ya kueleza inamwokoa mhitimu wenu asidhaniwe ameghushi. Kwa ajili ya hao walio nje, ukurasa huo uwe pia na toleo la Kiingereza.

Ithibati ikiwa imekwisha na maombi ya kuhuisha yako mezani kwa Baraza, andikeni hivyohivyo: ilikwisha tarehe hii, maombi yaliwasilishwa tarehe hii, uamuzi haujatoka. Usikubali mtu akushawishi kuiacha tarehe ya zamani ikae "kwa muda tu".

Sasa ripoti ya wakaguzi, ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya uandike.

Ulaya jambo hili lilishaamuliwa. Viwango vya pamoja vya uhakiki ubora wa elimu ya juu vilivyopitishwa mwaka 2015 vinasema ripoti kamili za wataalamu zichapishwe, na uamuzi uliofanywa kutokana na ripoti uchapishwe pamoja nayo. Kuna hata hazina ya wazi ya ripoti hizo, DEQAR, iliyofunguliwa mwaka 2018. Mtu yeyote anaingia bila kulipa na kusoma wakaguzi walisema nini kuhusu chuo fulani cha Ureno au Poland, mazuri na mabaya. Vyuo havikufa kwa ajili hiyo. Ripoti ambazo kila mtu anazitoa hazimshangazi mtu.

Hapa kwetu mazingira hayajafika huko, na mashaka ya wenzako nayaelewa: mkiwa peke yenu mliotoa mapungufu hadharani, mshindani ataukata ukurasa mmoja na kuusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hiyo nendeni kwa mpangilio. Kwanza soma barua iliyoambatana na ripoti uone kama kuna sharti la usiri, na kama haieleweki, waulize Baraza kwa maandishi. Ripoti imeandikwa na wao. Uamuzi, yaani ithibati imetolewa, imetolewa kwa masharti au imekataliwa, huo utangazeni kikamilifu hata kama hauwapendezi. Masharti ni sehemu ya uamuzi, na kuyaficha huku ukitangaza ithibati ni kumdanganya mwanafunzi. Kwa ripoti yenyewe, kama hamjaruhusiwa au hamjawa tayari kuitoa yote, toeni muhtasari wenu wenye safu tatu: wakaguzi walikuta nini, tumefanya nini, lini. Mfano: "Maabara ya famasi ilikuwa na mizani pungufu kwa idadi ya wanafunzi. Zimenunuliwa na kufungwa mwezi Machi. Wakufunzi wa uuguzi walikuwa wachache kuliko uwiano unaotakiwa. Mmoja ameajiriwa, nafasi moja bado haijajazwa." Ile sentensi ya mwisho, ya kukiri kwamba bado, ndiyo inayofanya zilizotangulia ziaminike. Majina ya wafanyakazi na wanafunzi yasiwemo.

Na usiruhusu muhtasari ugeuke neno moja. Ofsted, wakaguzi wa shule wa Uingereza, kwa miaka mingi walitoa alama ya jumla ya neno moja kwa shule nzima. Septemba 2024 waliiacha kwa shule za serikali, baada ya malalamiko makubwa kwamba haielezi shule ilivyo na inawaelemea walimu. Chuo kikijipa chenyewe neno "bora" kinafanya jambo lilelile bila hata mkaguzi.

Kuna jambo hukuuliza ila nina hakika litaibuka kwenye kikao: matokeo. Bodi zinapenda "asilimia 98 ya wanafunzi wetu hufaulu". Tuseme walianza 60 mwaka wa kwanza. Wakapungua, wengine kwa ada, wengine kwa kurudia, wakafika 41 kwenye mtihani wa mwisho, wakafaulu 40. Ukigawa kwa waliokaa mtihani unapata karibu asilimia 98. Ukigawa kwa walioanza unapata asilimia 67. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini mzazi anayetaka kujua hatima ya mwanawe anaitafuta ile ya pili. Andikeni namba zenyewe, walioanza, waliofanya mtihani, waliofaulu, kwa miaka mitatu mfululizo, kwa kila programu. Kwa uuguzi ongezeni waliofaulu mtihani wa leseni, maana hayo ni matokeo yasiyosahihishwa na chuo. Na kwa wale wanaotarajia kuendelea na shahada, elezeni kwamba mhitimu wa stashahada anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET anapoomba chuo kikuu, na kwamba chuo kinapeleka matokeo yake Baraza kwa wakati. Wengi hugundua matatizo ya chuo chao siku wanapoiomba AVN, dirisha la udahili likiwa linafungwa.

Upande wa ufundi sina mengi. Maelezo yawe maandishi, yasiwe picha ya barua iliyoskaniwa, kwa sababu picha haitafutiki, haisomeki kwenye simu ndogo, na inamlia mtu bando. Barua iliyoskaniwa iwekwe kama nyongeza, ikiwa imefichwa saini. Ukurasa uwe na anwani isiyobadilika, ile ambayo mtachapisha kwenye fomu za kujiunga na nyuma ya vyeti. Mpeni mtu mmoja jukumu la kuhuisha, kwa cheo chake, na kila barua kutoka Baraza ipitie kwake ndani ya siku chache. Vipeperushi vya mwaka jana vikusanyeni kutoka stendi, makanisani, misikitini na kwa mawakala. Hao mawakala hasa: wengi wao wanatangaza kozi kwa kumbukumbu, na mwanafunzi anakuja akidai programu ambayo hamjawahi kuwa nayo. Wapeni ukurasa huo, waambieni wasiseme lisilomo.

Kwa bodi, sidhani utahitaji hoja ndefu. Wapelekee sentensi mbili, ile yao na ile ndefu ya famasi, waulize ni ipi wangetaka kuiona kabla ya kulipa ada ya mtoto wao.

Limebaki suala la kampasi ya pili. Umesema mmeifungua mwaka jana, hukusema kama imepata usajili wake. Usajili wa kampasi kuu hauibebi. Kama barua imetoka, ipeni sehemu yake kwenye ukurasa, namba yake na programu zake zilizoruhusiwa pale, hata kama ni moja tu. Kama haijatoka, jina la kampasi hiyo liondoke kwenye tangazo la udahili wiki hii, fomu zisiuzwe kwa ajili yake, na wanafunzi waliokwisha kulipa waandikiwe barua inayosema hali ilivyo, wachague kurudishiwa fedha au kuhamia kampasi kuu kama nafasi mlizoruhusiwa hazijajaa. Barua hiyo isainiwe na mkuu wa chuo, na nakala iende Baraza.